Mapitio ya huduma ya maji mjini kwetu: mafundi wa kike wanaijua kazi, ofisi bado haijajipanga nao

Haya ni mapitio ya huduma ya maji ya bomba katika mji mmoja mdogo wa kanda ya kati, kuanzia mteja anapochukua fomu ya maombi hadi bili inapomfikia nyumbani. Mamlaka inayotoa huduma hiyo ni ya umma, na jina lake silitaji, kwa sababu mji wetu ni mdogo na nikiitaja ofisi nitakuwa nimewataja watu. Nimekuwa mteja wao kwa muda wa kutosha kuona mvua na kiangazi, nikiwa na nyumba yangu na vyumba vichache vya kupangisha uani. Upimaji wa njia ya bomba, uunganishaji, uchunguzi wa ubora wa maji na usomaji wa mita, vyote kwangu vilifanywa na wanawake, na vilifanywa vizuri kuliko nilivyozoea kuona katika ofisi za umma. Kasoro kubwa niliyokutana nayo ilitoka kwa uongozi unaowaajiri wanawake hao bila kupanga kazi kwa namna inayotambua kwamba wapo.

Kwa msomaji asiyeijua kanda hii, ni vyema nieleze kwa nini ubora wa kiungio kimoja cha bomba ni jambo la kuandikiwa. Dodoma hupata wastani wa milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo mito yetu hubaki mchanga mtupu. Jiji la Dodoma lenyewe, ambalo Serikali ilitangaza kuhamia mwaka 2016 na ambalo lilipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, kwa miaka mingi limetegemea visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Kumbukumbu za kina cha maji katika bonde hilo zilianza kuwekwa tangu miaka ya 1950, na zinaonyesha kwamba maji ya ardhini hujazwa kwa wingi katika misimu michache tu ya mvua kubwa, mara nyingi ile inayoambatana na El Niño, kisha miaka inapita tukiyachota kuliko yanavyorudi. Sisi wa miji midogo tunaishi kwa utaratibu uleule wa visima, ila kwa pampu ndogo zaidi. Maji yanayovujia ardhini kwa sababu ya kiungio kilichokazwa ovyo ni maji yaliyokwisha kuvutwa kwa umeme kutoka chini, yakatiwa dawa na kusafirishwa kilomita kadhaa, na gharama hiyo hatimaye huingizwa katika bei tunayolipa wote.

Nianze na ofisini, ambako sitakaa sana. Mwombaji anatakiwa kuwa na fomu iliyojazwa, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa na uthibitisho kwamba eneo ni lake. Madirisha yote ya kupokelea wateja yana wanawake. Aliyenihudumia alikuwa binti mtaratibu aliyenipa ushauri ambao hakuna kanuni iliyomlazimisha kuutoa: "Mama, usinunue vifaa dukani kabla mpimaji hajafika kwako. Ukinunua kwa kukisia, utabaki na bomba la ziada ambalo hakuna atakayelirudisha." Namba ya kumbukumbu ya malipo nilipewa baada ya makadirio ya gharama, nikalipa kwa simu, na hakuna mtu yeyote aliyeniomba kitu pembeni. Hilo linastahili kusemwa.

Lakini wakati nikisubiri nilisikia mambo ambayo binti huyo huyo anabebeshwa. Wateja walimfuata mmoja mmoja kumuuliza kwa nini mgao umebadilika, kwa nini mtaa wa juu unapata maji usiku wa manane, na kwa nini koki ya njia panda haijafunguliwa tangu juzi. Majibu ya maswali hayo yalikuwa kwa wahandisi, katika chumba cha nyuma ambacho mlango wake ulifungwa, naye hakuwa ameachiwa hata karatasi yenye ratiba ya juma hilo. Alitukanwa na mzee mmoja kwa kosa la watu asiowaona. Nadhani mamlaka nyingi, siyo hii peke yake, zimejizoeza kumweka mwanamke mwenye lugha nzuri dirishani ili apokee hasira, na kumnyima taarifa ambazo zingeipunguza. Kwa mapokezi ya ofisi hii natoa alama za juu kwa mhudumu na alama za chini kwa wanaomwachia kiti kitupu.

Mpimaji wa njia alifika siku aliyoahidi. Alikuwa fundi sanifu wa makamo, mwenye daftari, futi ya kamba na jicho kali, na swali lake la kwanza lilihusu shimo la choo. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwonyesha njia fupi iliyonyooka kutoka barabarani hadi ukutani, inayopita kando ya karo la maji machafu. Aliikataa palepale. Alinieleza kwamba wakati wa mgao bomba hubaki bila msukumo, na likiwa na ufa mdogo au kiungio kilicholegea, linaweza kunyonya uchafu ulio kwenye udongo unaolizunguka. Maji yakirudi, uchafu huo unasafiri moja kwa moja hadi jikoni. Njia aliyoichagua yeye ilizunguka upande wa pili wa nyumba na kuongeza mita kadhaa za bomba, ambazo nilizilipia kwa kunung'unika. Sasa ninapoona jinsi mgao ulivyo wa kawaida kwetu, ningemlipia na zaidi ya hizo.

Uchimbaji wa mtaro hapa huachiwa mteja. Vijana niliowaajiri walichimba kwa sululu na chepe hadi kimo cha ugoko, wakaona kifusi kigumu, wakatangaza kwamba wamemaliza. Mpimaji aliporudi kukagua aliingiza kijiti chenye alama ndani ya mtaro, akawaambia warudi chini hadi futi mbili, na langoni wachimbe kuzidi hapo, kwa kuwa magari ya mizigo hupita na bomba la plastiki lililo juu juu hupasuka. Mmoja wa vijana alianza maneno ya "dada, wewe unaona rahisi," naye bila kupandisha sauti akaomba sululu, akachimba mwenyewe kipande cha urefu wa hatua moja hadi alama ikafika, akamrudishia. Kazi iliyobaki ilichimbwa bila mjadala.

Uunganishaji wenyewe ndio sehemu niliyoitazama kwa karibu kuliko zote, na ndiyo inayonifanya niandike. Fundi bomba aliyeletwa alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu, akiwa na msaidizi wa kiume aliyekuwa bado anajifunza. Ovaroli aliyoivaa ilikuwa imekunjwa mara mbili mikononi na mara mbili miguuni, na gambuti zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba alitembea akiburuta. Kabla ya kugusa kitu alienda kufunga koki ya mtaa na kumwachia jirani taarifa ya muda ambao maji yatakatika. Aliporudi alikwangua udongo juu ya bomba kuu kwa mikono, akalifuta kwa kitambaa kikavu hadi likang'aa, akafunga kile kibanio kinachoshika bomba dogo juu ya bomba kubwa, akikaza skrubu za pande mbili kwa zamu ili kibanio kisikae upande. Utepe mweupe wa kuzibia aliuzungusha kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za bomba, si kinyume, kwa sababu ukizungushwa kinyume hufumuka pale kiungio kinapokazwa. Alikaza kwa mkono kwanza hadi mwisho, kisha ndipo akachukua spana. Nimewahi kuona mafundi wanaume wa mitaani wakianza na spana na kumaliza na gundi.

Mzee jirani yetu, ambaye sote tunamwita babu, alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro kwa muda mrefu. "Binti," alimwita, "fundi anakuja saa ngapi?"

"Shikamoo babu. Fundi ndiye mimi. Naomba usogee kidogo, nitayafungulia maji sasa hivi."

"Marahaba," babu akajibu, lakini hakusogea sana. Alianza kutueleza kwamba ujanani alikuwa kibarua katika miradi ya maji ya vijiji, ule mpango wa Serikali ulioanza mwaka 1971 kwa lengo la kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya mita 400 kutoka kwake ifikapo mwaka 1991. Alisema enzi zao wanawake walifika kwenye pampu wakiwa na ndoo tu, na kwenye kamati ya kijiji waliitwa kupika siku ya ugeni wa wilaya. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetoa taarifa. Fundi aliitikia "enhee babu" huku akiyaacha maji yatoke kwa nguvu kwenye bomba lililo wazi, kwanza yakiwa mekundu, kisha ya rangi ya chai, kisha meupe. Mita haikufungwa hadi yalipotoka meupe kabisa. Sababu aliyonipa ni kwamba mchanga unaoingia kwenye bomba wakati wa kazi ukipita kwenye mita mpya unaweza kuikwamisha au kuifanya isome vibaya tangu siku ya kwanza. Kisha alinionyesha mshale uliochongwa kwenye mwili wa mita unaoelekeza maji yanakokwenda, akaiweka mita ikiwa imelala sawasawa, akaniandikia namba yake na usomaji wa kuanzia kwenye karatasi na kunitaka nitie sahihi. Baada ya msimu wa mvua nilifukua udongo pale kwenye kiungio kwa udadisi wangu mwenyewe. Palikuwa pakavu.

Kuhusu maji yenyewe nitasema machache, kwa kuwa ladha ya maji ya kisima katika kanda hii hailetwi na mamlaka, inaletwa na miamba. Yana chumvi, birika linashika magaga meupe, na sabuni inachelewa kutoa povu. Msichana wa maabara huja mara kwa mara kuchukua sampuli kwenye bomba la uani. Huyaacha maji yakimbie kwanza, hujaza kichupa kidogo, hudondosha kidonge, na maji yakigeuka rangi ya waridi huyalinganisha na rangi za kwenye kibao chake ili kujua kiasi cha klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, kilichobaki. Aliniambia kiwango kinachotakiwa kisipungue kwenye bomba la mteja ni miligramu 0.2 kwa lita, na kwamba bomba la mwisho wa laini ndilo analolipenda zaidi kwa sababu ndilo linalosema ukweli. Mpangaji wangu mmoja, aliyekulia Singida ambako visima vingine vina floridi nyingi, madini ya asili yanayoharibu meno yakizidi, alimuuliza kama kuchemsha kunaiondoa. Alimjibu kwamba haiondoki, na kwamba maji yakichemka na kupungua, floridi inayobaki huwa nzito zaidi katika maji kidogo yaliyosalia. Kuchemsha ni kwa ajili ya vijidudu. Hiyo ni elimu ambayo ningependa kuiona imeandikwa ukutani ofisini. Matokeo ya vipimo hatupewi kwa maandishi, na hilo ni pungufu ambalo karatasi moja kwa mwezi kwenye ubao wa matangazo ingelimaliza.

Sasa nifike kwenye mita, ambako huduma hii ilipanda sana na kushuka sana.

Msoma mita wa mtaa wetu ni mama kijana anayetembea kwa miguu, akiwa na reflekta na simu ya kazi. Mwezi wa kwanza tu aliniita nje na kunifundisha kusoma. Tarakimu nyeusi ni uniti nzima, na uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tarakimu nyekundu ni sehemu ya uniti ambayo haijatimia na haziingii kwenye bili. Aliniagiza nifunge bomba zote za ndani na za wapangaji, kisha akaniinamisha juu ya kioo cha mita. Kijipembetatu kidogo katikati yake kilikuwa bado kinazunguka, polepole, kikisimama na kuendelea. "Mama mwenye nyumba, kuna mahali panavuja huko ndani," alisema. Tulikuta ni tangi la choo cha mpangaji, ambalo maji yake yalikuwa yakiteremka kimya usiku na mchana. Mamlaka ingefaidika kwa kunyamaza, kwa maana maji yaliyopita kwenye mita ni yangu kulipa. Yeye hakunyamaza.

Baadaye akaenda likizo ya uzazi, na bili zetu zikaacha kusomwa. Mtaa mzima ulianza kutumiwa bili za makadirio. Yangu ilipanda zaidi ya mara mbili, ya jirani mwenye nyumba iliyofungwa ililetwa kama kwamba anaishi humo na ukoo wake, na ya kilabu cha pombe kilicho kona ikashuka, jambo ambalo mwenye kilabu hakulilalamikia. Nilipokwenda ofisini na picha ya mita kwenye simu yangu niliambiwa kwamba "msomaji yuko likizo," kama mtu anayeambiwa kwamba mvua haijanyesha. Nilipouliza nani amekaimu, hapakuwa na jibu. Marekebisho yalifanyika tu aliporudi kazini, akapita nyumba kwa nyumba, akasoma upya, na akasimamia mwenyewe orodha ya wateja waliotozwa zaidi hadi kiasi hicho kikapunguzwa kwenye bili zilizofuata.

Nilisikia kisimani, na hata kwa watu ninaowaheshimu, kwamba hayo ndiyo matatizo ya kuajiri wanawake. Hoja hiyo ni dhaifu, na sheria yenyewe inaonyesha kwa nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka atoe taarifa kwa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Mwajiri basi anakuwa na miezi mitatu ya kumwandaa mtu wa kukaimu. Msoma mita mwanamume akianguka na pikipiki kwenye makorongo ya barabara zetu hatoi taarifa hata ya dakika tatu, na sijamsikia mtu akisema wanaume wasiajiriwe kwa sababu wanavunjika miguu. Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Wa kwetu alikuwa akiutumia muda huo kwenye kivuli cha mwembe wa shule, ambako mama yake alimletea mtoto, kwa kuwa ofisi haina chumba cha kazi hiyo na iko mbali na laini yake. Kwa usimamizi wa bili katika kipindi chote cha likizo yake, alama ninazotoa ni sifuri, na nimeiandikia mamlaka barua kusema hivyo.

Hayo niliyoyaona mjini kwetu yana ndugu zake kwingine. Benki ya Dunia ilipochunguza mamlaka na kampuni za maji 64 katika nchi 28 na kutoa ripoti yake mwaka 2019, ilikuta kwamba wanawake ni asilimia 18 tu ya wafanyakazi, yaani hawafiki mmoja katika kila watano. Jambo hilo linashangaza kwa kuwa kila anayeandika kuhusu maji huanza na mwanamke. Kanuni za Dublin za mwaka 1992, ambazo sera nyingi za maji duniani zimejengwa juu yake, zinatamka kwamba mwanamke ana nafasi ya katikati katika kupatikana, kusimamiwa na kutunzwa kwa maji. Hapa nchini tuna kauli ya kumtua mama ndoo kichwani, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan ameibeba tangu alipokuwa Makamu wa Rais na ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaijua. Ni kauli njema na imechimba visima. Mama anayezungumzwa humo, hata hivyo, ni yule anayesubiri maji. Mama anayeyasukuma kutoka kisimani, anayeyapima na anayekaza kiungio chake hana kauli mbiu, na kwa muda mrefu hakuwa hata na ovaroli ya kipimo chake.

Vifaa hivyo si jambo dogo. Niliuliza fundi yule kuhusu gambuti zake, akaniambia kwamba huletwa kwa jumla, saizi za wanaume, na kwamba huweka soksi mbili. Mtu anayeshuka mtaroni akiwa na viatu vinavyomtoka yuko hatarini, na kama ni usiku wa dharura, bomba kuu likiwa limepasuka, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kwenye kituo cha pampu, nje kidogo ya mji, kuna mwendesha pampu mwanamke anayepokezana zamu na wenzake wawili wa kiume. Kituo kina choo kimoja kisicho na komeo na taa moja ya mlangoni. Yeye hupangiwa zamu za mchana tu, jambo ambalo uongozi unaliita kumjali, lakini posho ya usiku inakwenda kwa wengine na yeye hajawahi kuwepo pale pampu inapoharibika saa nane usiku, ambapo ndipo mtu hujifunza pampu. Komeo na taa vingegharimu kidogo kuliko bomba la mita chache nililolipia mimi kuzunguka karo.

Katika vijiji vinavyotuzunguka mambo yako chini ya RUWASA, wakala wa Serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na huko vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii mara nyingi humweka mama kuwa mhazini kwa imani kwamba fedha za maji zitakuwa salama kwake. Shemeji yangu ni mmoja wao. Anakusanya fedha za kioski, anaweka vitabu, na hesabu zake hazina doa, lakini spana ya kioski inakaa kwa fundi mwanamume anayeishi kijiji cha pili, naye akisafiri kioski hukaa kimefungwa kwa ajili ya mpira wa koki wa bei ya maandazi. Shemeji ameomba afundishwe kuubadilisha. Ameambiwa asubiri semina.

Kwa anayetaka kuomba huduma kama hii, awe mjini kwetu au kwingine katika kanda, ushauri wangu ni huu. Onyesha shimo la choo kabla hujaulizwa, na ukubali kuzunguka. Usiruhusu mita ifungwe kabla maji hayajatoka meupe. Andika usomaji wa kuanzia, na kila mwisho wa mwezi piga picha ya mita, kwa sababu picha hiyo ndiyo iliyonisaidia nilipopelekewa bili ya kukisia. Malalamiko yaanzie kwa mamlaka yenyewe kwa maandishi, ukibaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Yasipotatuliwa, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji nchini, ndiyo yenye mamlaka ya kuyasikiliza, na liko pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaloweza kukuelekeza namna ya kuyapeleka. Na ukitembelewa na msoma mita, muulize akufundishe kusoma. Wa kwetu hufundisha, na wengine wakiulizwa nadhani nao watafundisha.

Nimekwisha kupeleka maombi ya mita ya pili, kwa ajili ya wapangaji, ili bili zao zitengane na yangu. Nilimwomba binti wa dirishani aandike pembeni ya fomu kwamba namtaka fundi yule yule wa kwanza. Alicheka, akaniambia kwamba mteja hachagui fundi, kisha akaandika.